Siku kumi kabla ya Kampala: kwa nini chanjo ya homa ya manjano haitaki haraka

Hapa Mkuza, Kibaha, ukisema una safari ya kongamano nje ya nchi watu watakuuliza nani kalipa nauli, utalala wapi, na utawaletea nini. Umechanjwa lini? Hilo haulizi mtu, na ndilo linaloweza kukukwamisha mbele ya dirisha la ofisa afya huku wenzako wanakusubiri nje na mabegi.

Mwezi ujao nakwenda Kampala kwenye kongamano la watu wanaoandika sayansi mtandaoni kwa lugha za Afrika Mashariki. Waandaaji wametutumia barua ndefu: pasipoti, muhtasari wa mada, ukubwa wa begi, saa ya kuripoti. Katikati kuna mstari mmoja tu unaosema kila mshiriki awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na awe amechanjwa siku zisizopungua kumi kabla ya kuingia Uganda. Wenzangu tunaosafiri pamoja wakaanza kuuliza kwenye kundi letu la simu. Kwa nini kumi? Kwa nini isiwe mbili, kama dawa ya malaria unayokunywa na kesho yake unajisikia nafuu? Halafu mmoja akaandika lile ambalo bila shaka na wewe umewahi kulisikia: kuna jamaa anatoa kadi bila kudunga, unampa hela, anarudisha tarehe nyuma, unaondoka zako.

Nimeandika hapa nikimfikiria zaidi huyo wa mwisho. Sina nia ya kumsema, maana sidhani kama ni mtu mbaya. Nadhani anaiona kadi kama karatasi ya ofisini, kitu cha kugongewa muhuri, kama zile fomu za mkopo tulizozunguka nazo mwaka wa kwanza. Kumbe ile tarehe kwenye kadi inaeleza jambo linalotokea ndani ya mwili, na mwili hauna mlango wa nyuma.

Kadi yenyewe inasema nini

Kadi ya njano inatokana na Kanuni za Afya za Kimataifa, makubaliano ya nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani (WHO). Ndani ya kanuni hizo homa ya manjano imetajwa kwa jina kuwa ni ugonjwa ambao nchi inaweza kudai uthibitisho wa chanjo yake kama sharti la kumruhusu msafiri kuingia. Uganda hukidai cheti hicho kwa kila msafiri mwenye umri wa kuanzia mwaka mmoja. Tanzania hatumo kwenye orodha ya WHO ya nchi zenye hatari ya maambukizi ya homa ya manjano, lakini nasi tunakidai kwa anayetoka katika nchi zilizomo, na Uganda na Kenya zote zimo. Kwa hiyo mtu wa Kibaha anayekwenda Kampala anaulizwa kadi mara mbili: akienda, na akirudi nyumbani. Wengi tunahangaikia ile ya kwenda. Nitajaribu kuonyesha kwamba ile ya kurudi ndiyo inayowahusu zaidi majirani zetu.

Mambo mawili ya haraka kuhusu kadi. La kwanza, inaanza kutambulika siku ya kumi baada ya sindano. Tarehe ya sindano yenyewe haitoshi. La pili, haiishi muda. Zamani ilikuwa inahesabiwa miaka 10, lakini tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti kinakubalika kwa maisha yote ya aliyechanjwa, hata kile cha zamani kilichoandikwa kwamba kinakwisha mwaka fulani. Kama mama yako alichanjwa mwaka 2009 na kadi yake bado anayo, hahitaji sindano nyingine kwa ajili ya cheti. Mwambie aitafute kwenye lile bahasha la vyeti vya shule, mara nyingi huwa humo.

Ugonjwa wenyewe

Homa ya manjano inaletwa na virusi vya ukoo mmoja na vya dengue na Zika. Vinaenezwa na mbu, lakini si yule wa malaria. Baada ya mbu kukuuma, zinapita siku 3 hadi 6 kabla hujajisikia lolote. Shika hizo namba, tutazirudia. Wengi hawaugui kabisa, au wanapata homa, kichwa, maumivu ya mgongo na kutapika, kisha ndani ya siku tatu au nne wanapona wakidhani ilikuwa malaria. Wachache wanapata nafuu ya siku moja hivi, halafu homa inarudi kwa nguvu. Ini linashambuliwa na macho yanageuka manjano, ndipo jina lilipotoka. Figo zinalemewa. Damu inaweza kutoka puani, mdomoni, tumboni. Kati ya wanaofika hatua hiyo, karibu nusu hufariki ndani ya siku 7 hadi 10. Hakuna dawa inayoua virusi hivyo. Hospitali inachoweza ni kukupa maji, kutunza figo na ini, na kusubiri.

Na safari yetu hii ya Kampala, kwa kusema kweli, inatupeleka kwenye kitovu cha utafiti wa ugonjwa huu. Uwanja wa ndege tutakaoshukia uko Entebbe, na Entebbe ndipo mwaka 1936 ilipoanzishwa Taasisi ya Utafiti wa Homa ya Manjano kwa fedha za Rockefeller Foundation. Leo inaitwa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Watafiti wake walikwenda Bwamba, magharibi ya Uganda, kujibu swali moja: virusi vinaishi wapi pale ambapo hakuna binadamu anayeumwa? Wakagundua kwamba vinazunguka juu kabisa ya miti ya msituni, kati ya nyani na kima na mbu anayeitwa Aedes africanus. Sasa kima wakishuka kuvamia mashamba ya ndizi wanakutana na mbu mwingine, wa kundi la Aedes simpsoni, anayezaliana kwenye maji kidogo yanayotuama pale jani la mgomba linapoungana na shina. Huyo akimuuma kima mgonjwa, halafu akamuuma mkulima, virusi vimeshavuka kutoka msituni hadi kijijini. Mnyororo mzima unapita kwenye kijiko cha maji ndani ya mgomba. Mimi hili likinisimama kichwani nikiona migomba siwezi kuiangalia kama zamani.

Ni katika kazi hiyo hiyo ya kufuatilia homa ya manjano kwamba mwaka 1947, kwenye msitu wa Zika karibu na Entebbe, damu ya kima wa utafiti aliyewekwa kwenye jukwaa juu ya mti ilitoa virusi ambavyo havikuwa vya homa ya manjano. Ndivyo vinavyoitwa Zika mpaka leo. (Sisi Watanzania nasi tuna mchango wa jina: chikungunya lilitoka kwa Wamakonde, baada ya mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 kusini mwa nchi, likieleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo.)

Mtu mmoja, kima mmoja, na mayai mengi

Chanjo tutakayodungwa ina historia inayoanzia kwa mtu mmoja wa Ghana. Mwaka 1927, wakati huo nchi ikiitwa Gold Coast, watafiti walichukua damu ya kijana aliyeitwa Asibi, aliyekuwa na homa ya manjano isiyo kali. Damu ile ikadungwa kwa kima. Asibi akapona, kima akafa, na virusi vilivyopatikana vikaitwa kwa jina lake. Kazi hii haikuwa ya mchezo: mtafiti Adrian Stokes alikufa kwa homa ya manjano Lagos mwaka huo huo wa 1927, na Mjapani Hideyo Noguchi akafa nayo Accra mwaka 1928.

Max Theiler, mzaliwa wa Pretoria, pamoja na wenzake huko New York walivichukua virusi vya Asibi wakavikuza maabara, kwanza kwenye seli za panya, baadaye kwenye seli za kiinitete cha kuku, wakivihamisha kutoka chombo hadi chombo zaidi ya mara 170. Mantiki yake ni rahisi kuliko inavyosikika. Virusi vinavyozaliana hukosea kunakili maelekezo yao, na vile vinavyoizoea zaidi seli ya kuku ndivyo vinavyoshinda kwenye chombo kile. Baada ya vizazi vingi unabaki na virusi vilivyo mahiri kwa kuku na vizembe kwa binadamu. Vikiingia kwako bado viko hai, bado vinazaliana, lakini haviwezi tena kulivamia ini kama babu yao. Chanjo hiyo, inayojulikana kama 17D, ilipatikana mwaka 1937, na Theiler alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1951. Kila chanjo ya homa ya manjano inayotolewa leo, iwe Dar es Salaam au Rio de Janeiro, ni mjukuu wa virusi vilivyotoka kwenye damu ya Asibi.

Na bado inakuzwa kwenye mayai ya kuku yenye viinitete. Hapa ndipo mtu wa Kibaha anapaswa kujisikia nyumbani. Jina la Mkuza wafugaji wengi wamelijua kwa sababu ya vifaranga. Zaidi ya hapo, Kibaha kuna taasisi ya chanjo za mifugo chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), inayotengeneza chanjo ya mdondo ya kuku iitwayo TEMEVAC. Ile nayo ni ya virusi hai visivyo na ukali, aina ya I-2, na nayo hukuzwa ndani ya mayai. Ni kanuni ile ile kabisa: virusi vilivyo hai lakini visivyo na meno, vinakwenda kuufundisha mwili kazi.

Jirani yetu mmoja, mama anayefuga kuku wa kienyeji, anaijua sayansi hii bila kuiita hivyo. Huwachanja kuku wake tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu au minne. Nilipomwambia habari ya siku kumi hakushangaa hata kidogo. "Mwanangu, hata kuku ukimtia tone leo, usimpeleke kesho penye mdondo. Atakufa na chanjo yake." Nikamwambia mama, umemaliza makala yangu.

Siku kumi zinatumikaje

Kwa hiyo umedungwa. Ndani ya sindano kuna virusi hai, si vingi. Siku mbili za mwanzo hakuna kinachoonekana. Virusi vinatafuta seli, vinaingia, vinaanza kuzaliana. Kuanzia kama siku ya 3 hadi ya 7 watu wengi wana virusi vya chanjo kidogo kwenye damu. Ndiyo maana baadhi hupata homa ndogo, kichwa au maumivu ya misuli katikati ya wiki ya kwanza. Si kwamba chanjo imeharibika, ndiyo inafanya kazi.

Wakati huo askari wa mwili wanachagua silaha. Miongoni mwa seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, wachache sana huzaliwa wakiwa na umbo linaloshika virusi hivi. Hao wachache inabidi watafutwe, waamshwe, wagawanyike kutoka kumi kuwa maelfu na kuendelea, ndipo waanze kumwaga kingamwili kwenye damu. Kugawanyika kwa seli kuna muda wake. Huwezi kukuharakisha kwa kula matunda wala kwa kulipa zaidi, kama usivyoweza kumharakisha kifaranga kutoka kwenye yai siku ya kumi na mbili kwa sababu mteja amefika.

Takwimu za WHO zinasema hivi: ndani ya siku 10 watu kati ya asilimia 80 na 100 waliochanjwa wanakuwa na kinga, na ndani ya siku 30 ni zaidi ya asilimia 99. Ina maana siku kumi ni kiwango cha chini kinachokubalika, wala si siku ambayo kila mtu amekamilika. Ukiweza kuchanja mwezi mzima kabla, fanya hivyo.

Sasa zilinganishe hizo kumi na zile 3 hadi 6 nilizokuomba ushike. Mtu aliyedungwa jana akaumwa na mbu mwenye virusi vya kweli leo, ameingiza mbio mbili mwilini. Virusi vya msituni vinamfikisha kwenye homa siku ya 3 hadi ya 6. Kingamwili za kutosha zinakuja siku ya 10. Nani anafika kwanza, hesabu unaiona. Ndiyo sababu pia kanuni zile za kimataifa zinairuhusu nchi kumweka karantini msafiri asiye na cheti halali, kwa muda usiozidi siku sita tangu alipoweza kuambukizwa mara ya mwisho, au mpaka cheti chake kifikishe siku zake. Hiyo sita haikuokotwa hewani. Ni muda wa virusi kujionyesha.

Yule jamaa anayerudisha tarehe nyuma, basi, anachouza ni wino. Ofisa anaweza asigundue. Mbu hasomi.

Mbu wa kwetu

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: sawa, lakini hilo ni tatizo langu mwenyewe, nikifa nimekufa mimi. Hapana, na hii ndiyo sehemu inayoniuma.

Mbu wa mjini anayeeneza homa ya manjano ni Aedes aegypti, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Tunaye. Tena tunaye kwa wingi. Ndiye aliyeeneza dengue, kidingapopo, mwaka 2019 ambapo nchi ilihesabu wagonjwa zaidi ya 6,000, wengi wao Dar es Salaam, mwendo mfupi tu wa daladala kutoka hapa. Hahitaji bwawa. Anataka tairi bovu nyuma ya gereji, kifuu cha nazi, ndoo iliyosahaulika chini ya bomba, simtanki lisilo na mfuniko. Zunguka Mkuza baada ya mvua ya masika uhesabu mwenyewe.

Kwa hiyo mbu yupo, na watu wasiochanjwa wapo, karibu sote, kwa sababu nchi yetu haina ugonjwa na chanjo hii haimo kwenye zile anazopewa mtoto kliniki. Kinachokosekana ni kimoja tu: virusi. Na virusi husafiri kwa binadamu. Msafiri anayerudi na virusi kwenye damu, akakaa nyumbani na homa siku tatu akiumwa na mbu wa uani, anawakabidhi mbu wetu mzigo. Ndani ya mbu virusi vinahitaji kama siku 8 hadi 12 kufika kwenye tezi za mate, ndipo aweze kumwambukiza mwingine. Baada ya hapo mbu huyo ni hatari mpaka afe.

Nadharia? Mwishoni mwa mwaka 2015 mlipuko ulianza Luanda, Angola. Mwaka 2016 ukavuka hadi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na wafanyakazi 11 waliotoka Angola waliugulia China, katika bara la Asia, ambalo lina Aedes aegypti tele lakini halijawahi kuwa na mlipuko wa homa ya manjano. Kenya nayo iliwapata wagonjwa wawili waliotoka Angola. Wote hao walisafiri kwa njia za kawaida, kupitia viwanja ambavyo kadi ilipaswa kuangaliwa. Chanjo zikapungua duniani, kwa sababu watengenezaji waliothibitishwa na WHO ni wanne tu, na katika Afrika ni Taasisi ya Pasteur ya Dakar peke yake. Mayai hayaongezeki kwa amri. Mjini Kinshasa, Agosti 2016, ikabidi dozi moja igawanywe kwa watu watano, na zaidi ya watu milioni 7 wakachanjwa kwa moja ya tano. Ilikuwa hesabu ya dharura, na ilitoa kinga, ingawa dozi hiyo ndogo haikubaliki kwa cheti cha safari.

Kuna anayeweza kuniambia: lakini Kibaha si tuna kiwanda cha kuua mbu? Tunacho, pale TAMCO, kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba chini ya Shirika la Taifa la Maendeleo, kinachotengeneza viuadudu vya kibaiolojia vinavyoua viluwiluwi kabla hawajawa mbu. Najivunia kiwanda hicho. Ila kinatumia bakteria wa aina mbili. Mmoja, Bacillus thuringiensis israelensis, anawaua viluwiluwi wa Aedes vizuri. Mwingine, Bacillus sphaericus, ni mkali kwa mbu wa maji machafu na wengine wa malaria, lakini Aedes aegypti hamuwezi. Hata ukitumia yule sahihi, nani atanyunyizia kila kifuu cha nazi cha kata nzima? Kiwanda kinasaidia. Sindano inasaidia kwa njia ambayo kiwanda hakiwezi.

Mambo ya kupanga

Nenda mapema kuliko unavyofikiri. Chanjo hii huja kama unga mkavu ndani ya kichupa, inatunzwa kwenye baridi ya nyuzijoto 2 hadi 8, na ikishachanganywa na maji yake lazima itumike ndani ya saa sita. Vichupa vingi ni vya dozi tano au kumi. Kwa hiyo usishangae ukiambiwa urudi kesho au usubiri wengine wafike. Mhudumu anajaribu asimwage dozi nane kwa sababu yako. Weka siku mbili tatu za ziada juu ya zile kumi. Ukitoka Kibaha utadungwa Dar es Salaam, na hospitali ya Mnazi Mmoja na ofisi za afya za uwanja wa ndege ndizo zilizozoeleka. Angalia kadi kabla hujatoka mlangoni: jina lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi, namba ya toleo la chanjo iandikwe, saini na muhuri viwepo.

Wapo wasiopaswa kuchanjwa, kwa sababu virusi ni hai. Watoto chini ya miezi sita, mwenye mzio mkali wa mayai, mwenye ugonjwa wa tezi ya thaimasi, mwenye kinga iliyoshuka sana kwa sababu ya VVU au dawa za saratani. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye miaka 60 na kuendelea wazungumze na daktari kwanza, apimwe faida na hatari. Daktari anaweza kuandika barua ya msamaha, na hiyo ndiyo njia halali. Asikudanganye mtu kwamba njia pekee ya kukwepa sindano ni kadi ya mtaani.

Pawa benki, kwa kuwa kundi letu limeuliza mara nne: iweke kwenye begi la mkononi, usiiache kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Betri ya lithiamu ikipata hitilafu inajipasha moto yenyewe na kuendelea kuwaka, na huko chini hakuna wa kuiona mapema. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Zidisha mAh kwa volti 3.7, ugawe kwa 1,000. Ya 20,000 mAh inatoa 74, inapita. Ya 30,000 inatoa 111, hiyo mpaka shirika la ndege likubali. Saa hazibadiliki, Kampala na Kibaha ni wakati mmoja, kwa hiyo usingizi hautakusumbua isipokuwa kwa hotuba za baada ya chakula cha mchana.

Na ukirudi. Homa ikikushika ndani ya wiki moja, nenda kituo cha afya, na usiishie kwenye kipimo cha haraka cha malaria. Kikitoka hasi, au hata kikitoka chanya na dawa zisikusaidie, mwambie daktari ulikuwa wapi, tarehe ngapi, na kama ulichanjwa kweli. Ukweli huo anauhitaji zaidi kuliko kadi. Siku nne au tano za mwanzo wa homa lala ndani ya chandarua hata mchana, maana mbu huyu anauma mchana na huo ndio wakati virusi, kama vipo, vinakuwa vingi kwenye damu. Chandarua cha mchana kitawashangaza watu nyumbani. Waeleze kinamkinga nani.